Majirani Waliponyamaza

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa kwa homa ya tumbo na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la pili. Sikurudi tena, kwa hiyo ukiona nimekosea kuandika, soma hivyo hivyo, utanielewa. Bibi aliyetulea alisema kilichobaki ni shamba la mpunga, na halina wa kulilinda. Basi nikalilinda mimi.

Haya nimeyakumbuka Julai hii, mahali ambapo hungedhani. Nina gari la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, nililonunua kwa mzee mmoja wa Champlin, mji wa jirani, aliyechoka kuliendesha. Nilimchukua binti yangu mkubwa, nesi asiyejua kupumzika, twende tukakae siku tatu kwenye kambi ya magari kando ya mto Mississippi. Ni dakika ishirini na tano tu kutoka kwangu Coon Rapids. Watu walinicheka, eti unalipa kulala nje na nyumba unayo. Wacheke. Nimelala nje miaka mingi kwa kukimbia vita, sasa nalala nje kwa kupenda.

Majirani zetu pale walikuwa vijana sita wa Kizungu, mbwa wawili, boti moja na spika kubwa kama friji. Tangu Ijumaa mchana ni muziki, jenereta, mbwa, na mmoja anaimba vibaya kwenye maikrofoni huku wenzake wanampigia makofi. Binti yangu akashika kichwa.

"Mama, I can't. Naenda ofisini kuwareport."

"Kaa chini. Wamekukosea nini?"

"Kelele, Mama! Kwani huzisikii?"

"Nazisikia. Wazima hao."

Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake.

Jumamosi akanivuta mjini tupumzishe masikio. Tulianzia Saint Paul, soko la wakulima, nikanunua matembele na majani ya maboga kwa bibi mmoja wa Kiasia. Hatuna lugha moja, lakini aliponiona navunja shina kujua kama ni changa, akanitolea fungu jingine zuri zaidi toka chini ya meza. Tukaenda Minneapolis. Nikamwonyesha binti yangu jengo la vioo nililolisafisha miaka tisa, mimi na mashine ya kunyonya vumbi.

"Ghorofa gani?"

"Zote."

Alitaka kupiga picha, ikabidi arudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara ili jengo lienee.

Tuliporudi kambini saa kumi, kwa majirani kimya. Viti vipo, spika ipo, hata mbwa hawabweki. Binti yangu akasema, "Thank God." Mimi moyo ulinipasuka.

Ngoja nikueleze. Kwetu nilikozaliwa, bonde la mto Ruzizi, mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo wanakuja kama moshi. Wakitua kidogo tu, mwaka wako umekwisha. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na dungu, kichanja cha miti, na juu yake mtu wa kuwafukuza, kuanzia kunapokucha mpaka ndege waende kulala. Nilipewa debe bovu, kombeo la kurushia udongo, kiazi cha kuchoma na ndagala wachache, samaki wadogo wa kukausha, kwenye jani. Kazi yangu ilikuwa kelele. Unapiga debe, unapaza sauti, wa shamba la pili anakujibu, na wa tatu anamjibu yeye, mpaka bonde zima linaita. Harufu ya matope yale na mpunga mbichi bado ninayo puani.

Shamba la pili lilikuwa la mama mmoja ambaye sikumpenda hata kidogo. Mdomo wake ulikuwa mkali. "Wewe mtoto wa marehemu! Umelala? Hiyo ni sauti au kikohozi cha mbuzi? Ndege wanamla bibi yako!" Kila siku hivyo. Nami nilipiga debe kwa hasira, nikidhani namkomoa.

Bibi alikuwa ameshatwambia: mpunga ukipotea, mimi na wadogo zangu watatu tutagawanywa kwa ndugu, kila mmoja kwake. Nililijua hilo kila nilipopanda dungu.

Siku moja homa ikanishika nikiwa juu. Nilipiga debe mara mbili, nikalala. Yule mama akaita, hakujibiwa. Akatukana, hakujibiwa. Akaacha shamba lake na ndege juu yake, akavuka mfereji, akanikuta nimekakamaa. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni. Mganga alisema ningechelewa kidogo tu, ningekuwa wa kuzikwa. Kisha yule mama akarudi, na siku tano akalinda mashamba mawili, akikimbia huku na huku. Kwake ndege walimaliza kona nzima. Kwetu hawakupata kitu.

Tulipovuna, bibi alinituma kwake na kapu la mpunga. Akalitazama, akanirudishia. "Peleka nyumbani, mkale. Mwakani ongeza kelele."

Basi ndiyo maana niliweka matembele chini, nikaenda kugonga mlango wa gari lao.

"Mama, no! Huku watu hawagongi hivyo!"

Nikagonga. Akafungua kijana, mabega mekundu kwa jua, macho ya usingizi. Akaanza kuomba radhi kwa kelele, eti watapunguza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu: siyo hivyo, mmenyamaza mno, nimekuja kuona kama mko wazima.

Mwingine akauliza toka ndani, "Nani huyo?"

"Ni bibi wa jirani. Anauliza kama tumekufa."

Wakacheka wote sita, mbwa wakaanza kubweka. Kumbe walishinda kwenye boti, jua likawaangusha. Walituletea mahindi ya kuchoma, nikawapa mboga, wakala wakikunja uso kwa adabu. Nikawaambia wawashe muziki. Binti yangu alifunika uso kwa mikono, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Lile bonde vita viliwatawanya watu wake. Yule mama sijui amezikwa wapi, na sikuwahi kumwambia asante; nilikuwa mtoto, nilimwogopa. Huku ninakoishi sasa madirisha yamefungwa mwaka mzima, hakuna anayekuita ili asikie kama utajibu.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Coon Rapids, kwa jina langu. Nina gari la kulala na gari dogo. Nina kampuni ya usafi yenye wafanyakazi sita. Nina watoto wanne, wote wamesoma kunipita. Nina goti moja la chuma. Na nina miaka sitini na miwili. Hamsini na mitatu ya mwisho nilipewa na mwanamke aliyenitukana kila siku.