Droo ya Mihuri

Bi Shige alikuwa anageuza mwani kwenye sufuria kubwa la chuma, uso umeiva kwa mvuke, jirani yake Kane alipofika mbio, kandambili mkononi.

"Shige, acha huo mwani! Hati ya mume wangu imeshagongwa muhuri. Ati tumekubali mtambo!"

"Nani kagonga?"

"Unaniuliza mimi? Muhuri si uko kwenye droo?"

Mkono wa Bi Shige ukasimama. Hata wake ulikuwa kwenye droo ile. Kisiwani kwetu kila mwanachama wa ushirika wa wavuvi aliuacha muhuri wake, kijiti kilichochongwa jina, ofisini, ili karani akishapima samaki augonge mwenyewe, mtu asipande na kushuka mlima kwa ajili ya kijiti. Mume wa Bi Shige aliuacha humo. Alipokufa, mjane akarithi uanachama na kuuacha palepale, mwaka wa kumi na moja sasa. Tulijiona werevu.

Na mkutano ulikuwa kesho. Kampuni ya umeme ilitaka kujenga mtambo wa nyuklia kwenye rasi ya ng'ambo, maji yake ya moto yatemwe pale pale tunapochuma mwani. Theluthi mbili ya wanachama wakikubali, wenyewe au kwa hati yenye muhuri, bahari si yetu tena.

Bi Shige alishuka ngazi za mawe na kikapu mgongoni, hakukumbuka kukitua.

Karani alikuwa Nobuyoshi, mtoto wa kaka yake. Alipomwona akafunika karatasi kwa kiwiko.

"Karibu shangazi. Chai?"

"Chai ninayo kwangu. Nipe muhuri wangu."

"Ufunguo anao mwenyekiti."

"Na huo unaoning'inia kiunoni ni wa choo?"

Nobuyoshi akacheka peke yake. Bi Shige hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini muhuri wake aliujua. Ulimegeka siku ulipoanguka gatini, na alama yake nyekundu ilikuwa kama andazi lililotafunwa na panya. Akaiona ikichungulia chini ya kile kiwiko.

"Inua mkono, Nobu."

"Shangazi, nielewe. Shule imebaki na watoto tisa. Mtambo utaleta kazi. Na wataalamu wamesema mionzi haitoki, kuna kuta za zege..."

"Wataalamu! Mimi niliingia Hiroshima siku ya tatu baada ya bomu, kumtafuta dada yangu. Sikuungua hata ukucha. Nikarudi mzima, nikala uji wangu. Wiki ya pili nywele zikatoka na kitana. Kichanga changu alikizika baba yako, akalia yeye, mimi machozi yalishakauka. Hicho kilichoniuma sijakiona mpaka leo."

"Bomu si mtambo, shangazi."

"Labda. Wewe hujui, na mimi sijui. Ndiyo maana mkono wangu haujaenda kwenye karatasi hiyo. Umeupeleka wewe."

Akaketi kizingitini. Bandarini injini ikasikika. Boti ya mwenyekiti. Nobuyoshi akapauka.

"Amekuja kuchukua hati na droo, avipeleke bara. Toka, shangazi! Akikukuta nitafukuzwa kazi."

"Nibebe basi, una nguvu."

Injini ikazimwa. Nobuyoshi alitazama dirishani, akatazama ile alama iliyomegeka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanachama akija mkutanoni mwenyewe na muhuri wake, hati yake inakufa. Sijasema mimi." Akafungua droo.

Vijiti tele, vyote sura moja. Wake aliupata kwa kidole.

"Nisomee na hii mingine, ni ya nani na nani."

"Hapo umezidi!"

"Basi." Akaichomoa droo nzima, akaitia kikapuni, akaifunika kwa kitambaa cha kichwani.

Mwenyekiti alikuwa anapanda kutoka gatini.

"Bi Shige! Mwani upo leo?"

"Mzito," akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Alipofika juu akagonga sufuria tupu kwa mwiko hadi kila nyumba ikatoa mtu. "Njooni mchague, mimi sijui kusoma!" Waliokuwa wakiutaka mtambo nao walichukua mihuri yao. Hakumzuia mtu.

Kesho yake mkutanoni mwenyekiti alisoma hati moja moja. Alipofika kwenye jina la Bi Shige, mwenyewe akasimama, akaweka kile kijiti mezani.

"Muhuri huu hapa, na mwenyewe huyu hapa. Hataki."

Nyuma yake Kane akamsukuma mumewe kwa kiwiko, naye akasimama. Kisha mwingine. Theluthi mbili ikakosekana kwa watu wanne.

Kabla ya mwezi kwisha Nobuyoshi aliondolewa ofisini. Siku hizi anageuza mwani kwa shangazi yake, na anauunguza.