Gauni Lililopanda Mlimani

Dobi wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasi, alikuwa na siri inayojulikana na kila mtu. Mvua zikigoma kukatika, yeye hupandisha nguo begani mwa mlima, kwenye mawe yanayofuka joto la volkano, akazianika huko. Shuka hukauka kabla hajamaliza kupiga mluzi. Kisiwa kizima kinanuka unyevu, wateja wa Pasi wananukia!

Sasa asubuhi ya harusi yake mwenyewe, jamani, akafanya nini? Akapandisha gauni la bibi harusi.

Na alikuwa amekatazwa! Bibi harusi alikuwa fundi cherehani wa jirani, mjane mwenye ulimi mkali, aliyemkataa mara mbili kabla ya kukubali kwa shingo upande. "Hili gauni nimelishona mwenyewe," alimwambia. "Lifue, lianike ndani. Mlimani usithubutu!" Lakini ndani halikukauka. Pasi akajisemea, ni dakika chache tu, nani atajua?

Mlima ulijua. Gauni limelala juu ya jiwe, jeupe pe, mara ardhi ikanguruma, mlima ukapiga chafya ya majivu. Mtu mwenye akili angetimua mbio. Pasi alilirukia gauni kwanza, akalikumbatia, ndipo akateremka visigino vikimgonga kisogoni. Alipofika chini lilikuwa la kijivu kama nguo ya kibarua wa saruji.

Mlangoni alimkuta dada wa bibi harusi, mikono kichwani. "Shemeji, bibi harusi ameondoka!"

Kwisha habari yake. Mwanamke yule asingekubali tena.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Mlimani! Kasikia ngurumo, kauliza Pasi yuko wapi, katoka peku!"

Na huyo hapo akatokea nyuma yao, anahema, majivu tangu utosini hadi nyayoni. Pasi akamnyooshea gauni. Mwanamke akalitazama, akamtazama, akampiga kofi la kifua. Vumbi likatimka, wakapiga chafya wote wawili, na kicheko kikawashika hadi wakashikiliana.

"Mtu mzima ovyo! Mlima unalipuka, wewe unaokoa gauni?"

"Sasa ningekuja kwako na nini?"

Kicheko kikamkatika. Akachukua ncha ya gauni, akamfuta majivu usoni, taratibu.

"Ungekuja tu," akasema.

Kisha akaingia ndani kulivaa, hivyo hivyo lilivyo.