Kizibo cha Ndiva

Ninakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, nilipokuwa likizoni milimani Upare. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, kule Kampala, na sanduku la vitabu na ulimi uliotangulia akili. Shangazi yangu Nakundwa, aliyenilea, alikuwa ameniombea nafasi ya kusoma Neno kanisani Jumapili. Nilimjibu kwamba nisingesoma habari za Mungu ambaye hakuna aliyepata kunionyesha ushahidi wake. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua maharage, akasema, "Haya, msomi. Kesho ni zamu yangu ya maji. Nitangulie ndivani, unisubiri."

Ndiva, kwa wewe uliyekulia mjini, ni bwawa la mawe na udongo. Jioni hutiwa kizibo, na kijito chembamba hulijaza usiku kucha. Kukipambazuka, mwenye zamu huzibua, maji yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Zamu ikikupita, unangoja wiki nzima. Na maharage ya shangazi, yaliyokuwa yakitoa maua, yasingeivumilia wiki hiyo.

Nilifika mapema. Kijito kilichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikachomeka fimbo majini, nikaitia alama, nikatazama: maji hayapandi. Nikaamua kwamba kizibo kinavuja. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Nilikivuta ili nikikandike upya, na nguvu ya maji ikanipokonya. Kumbe ndiva ilikuwa imejaa pomoni, na ziada ilimwagikia upande wa pili, penye majani, ambako sikutazama. Mchepuo wa kutoa maji mferejini kuingia shambani ulikuwa bado umefungwa. Maji yote yakapita, yakaishia korongoni. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Shangazi alitokea na jembe begani.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

"Marahaba. Umeupata ushahidi?"

"Nilidhani kinavuja."

"Ungeuliza! Au huko Kampala hawaulizi?" Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya ukuta wenye unyevu. "Huu tunaukandika kila msaragambo, siku ya kazi ya kijiji kizima. Nikiona ufa nauziba, siufuniki kwa maombi. Ndiyo maana jioni nikishatia kizibo, naenda kulala. Unadhani nalala kwa ujinga?"

"Lakini Mungu hana ukuta wa kushika, shangazi."

"Hana," alisema. "Nilipowazika wanangu wawili nilimpapasa, nikamkosa. Ila sikuanguka. Aliyenishika siwezi kukuonyesha. Nawe usiniambie hakuwepo. Wewe ndiye hukuwepo."

Niliuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu Jumapili.

"Usisome usichokiamini. Njoo ukae nami tu."

Jirani mmoja alitugawia nusu ya zamu yake, na nusu ya maharage ikapona. Jumapili nilikaa karibu na shangazi. Sikusoma, wala sikuona nuru yoyote; nisikudanganye. Lakini nilimsikiliza akiimba, na kwa mara ya kwanza sikumwonea huruma.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Imani inayoogopa swali ni ukuta wenye ufa, na ukuta wenye ufa hukandikwa mchana, mbele ya watu. Tafuta ushahidi, lakini uzunguke bwawa lote kabla ya kutoa hukumu. Fimbo moja upande mmoja haitoshi. Yako mambo ambayo mtu huyajua kwa kuyaishi, na hayo hayapimwi kwa pupa. Wala usizibue ndiva ya mwenzako ili kujiridhisha wewe, kwani si wewe utakayelala njaa. Kama huamini, sema kweli, kisha ukae karibu na wanaoamini.

Mungu, ambaye hadi leo sijamaliza kumwuliza, akutangulie. Akupe macho ya kukagua na moyo wa kungoja, na ndiva yako aijaze wakati wewe umelala.