Sindano za Naftali

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Sista wa wodi, mama wa Kiingereza aliyetembea kana kwamba sakafu ni yake, alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wanaume, akaniwekea mbele chombo cha kuchemshia, jiwe la kunolea na trei ya sindano butu.

"Kwanza ujue hizi," alisema. "Watu baadaye."

Wiki nzima nilinoa na kuchemsha. Ninyi mnaofungua sindano mpya kwenye karatasi na kuitupa baada ya mgonjwa mmoja, huenda mkaona nawatania. Wakati ule bomba lilikuwa la kioo, na sindano ilitumika mpaka ipinde. Baada ya kuinoa uliipitisha juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, bado ina kijino, na kijino hicho kingemchana mtu nyama. Ilirudi jiweni.

Hiyo ilikuwa hospitali kubwa ya Nakuru, Uhuru ukiwa bado mchanga. Baada ya mafunzo nilipelekwa zahanati ya Mau Narok, kwenye baridi na mashamba ya ngano, nikakaa huko miaka miwili nikizalisha akina mama na kufunga vidonda vya watu wa viazi. Kisha Metroni, mkuu wa wauguzi wote, akaniita nirudi Nakuru. Sasa alikuwa Mwafrika, mama wa maneno machache.

"Rebeka, nakuweka wodi ya kifua. Wenzako wameikataa. Wewe?"

"Nitakwenda, Metroni."

"Jambo moja. Mgonjwa wa TB akitoka hapa, asijulikane kwa mdomo wako. Watu watamfukuza nyumba. Ukikutana naye sokoni, msalimie ikiwa yeye amekusalimia kwanza."

Niliishika amri hiyo kwa miaka yote, na karibu imwangamize mtu mmoja.

Jina lake Naftali. Aliletwa kutoka Rongai kwa pikapu ya ghala la nafaka alikokuwa mpakizi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, na tulipompima alikuwa na kilo arobaini na sita. Mabega yalisimama kama kiango cha nguo. Daktari wa Kifua aliinua picha yake ya eksirei dirishani, akanionyesha tundu juu ya pafu la kulia, kubwa kama yai la njiwa. "Huyu tumempata kwa kuchelewa," alisema, akaandika dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa streptomaisini. Ilikuja kama unga ndani ya kichupa. Uliingiza maji safi kwa sindano, ukatikisa, ukavuta, ukamdunga mtu kwenye tako, upande wa juu wa nje, kwa sababu ukikosea hapo unagusa mshipa wa fahamu na mguu unalegea. Leo kulia, kesho kushoto. Kila siku, pamoja na vidonge, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo aliyepata nafuu aliruhusiwa kwenda nyumbani na kurudi kudungwa kliniki ya wodi yetu mara mbili kwa wiki mpaka mwaka utimie.

Wiki za kwanza nilimlisha Naftali uji kwa kijiko. Mwezi wa pili alishika kijiko mwenyewe. Mwezi wa tatu nilimkuta amesimama kando ya kitanda, ameshika chuma cha miguuni, akijaribu kukiinua kitanda kidogo kidogo. Nilimfokea. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka bila kukohoa.

Alipotoka, makohozi yake yalikuwa hayana tena vidudu. Daktari alimruhusu arudi kazini, taratibu. Palikuwa na fundi wa malori mjini, Kalasinga aliyeitwa Bwana Balwant, aliyewahi kunyanyua vyuma katika ujana wake. Nyuma ya gereji yake aliwafundisha vijana bila kuwatoza chochote. Naftali alianza kupita hapo kila siku aliyokuja kudungwa. Mimi nilijua tu kwamba mzani wa kliniki ulikuwa unapanda: hamsini na mbili, hamsini na nane, sitini na tatu. Shingo ilijaa. Mapaja yalijaa. Kila nilipomdunga niliona nyama mpya mahali nilipokuwa nimezoea mfupa.

Na hapa nina jambo la kukiri. Siku moja, mwezi wa kumi na moja wa matibabu, aliniambia ameinua kilo mia moja juu ya kichwa. Gunia la mahindi ni kilo tisini. Nilisimama na bomba mkononi nikamtazama. Redioni na magazetini walikuwa wameanza kuzungumza juu ya wanamichezo wa ng'ambo wanaomeza dawa za kujenga misuli, zile zinazoitwa steroidi, na nyumbani kwetu watu walisema ni homoni za fahali. Nikamwuliza, "Naftali, kuna kitu kingine unachotumia?"

Alifunga mkanda wake, akageuka.

"Hata wewe, Sista? Wewe ndiye ulinilisha uji."

Aliondoka. Nilibaki na kile kichupa kitupu, uso ukinichoma kwa aibu.

Haikupita mwezi, lile swali nililouliza faraghani likawa la mji mzima. Palikuwa na mashindano ya wilaya, na mshindi wa kila uzani angepelekwa Nairobi. Siku chache kabla ya mashindano wanyanyua vyuma walipimwa uzito, na siku zile walipimwa uchi ili mtu asizidi hata kwa nguo. Naftali alipopanda mzani, wakubwa wa chama chao wakaona nyuma yake alama za sindano, za zamani na za juzi, na vivimbe vidogo ambavyo streptomaisini huacha. Walinong'onezana. Kabla ya kuvaa suruali alikuwa ameshahukumiwa.

Katibu wa chama alikuja kliniki siku ya pili, amevaa tai.

"Sista, wewe ndiye unamdunga Naftali?"

"Siwezi kuzungumza habari za mgonjwa."

"Mgonjwa?" Alicheka. "Mtu anainua gunia na zaidi, unaniambia ni mgonjwa? Sema tu ni dawa gani. Ni ile ya ng'ombe?"

"Bwana, nimesema siwezi."

"Basi kumbe ni kweli. Kama ingekuwa kitu kizuri ungeitaja."

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akatoka. Nilikuwa nimeshika amri ya Metroni barabara, na kwa kuishika nilikuwa nimemzika Naftali. Jioni hiyo walimwandikia barua ya kumzuia kushindana mpaka kamati ikae Jumamosi asubuhi, saa chache kabla ya mashindano.

Nilikwenda kwa Daktari wa Kifua. Aliandika barua nzuri: kwamba dawa anayopewa huyu kijana ni kwa amri yake, ni ya kuua ugonjwa, na haijengi misuli hata kidogo. Kamati ikajibu kwamba ugonjwa utajwe. Daktari akaniambia, "Hilo ni lake mwenyewe kulisema. Si langu, wala si lako."

Basi nikapanda basi mpaka Rongai. Nilimkuta Naftali kwenye nyumba za wafanyakazi wa ghala, vyumba vilivyoshikana mlango kwa mlango, anafua shati. Sikumsalimu mpaka aliponisalimu. Tulitoka tukasimama kando ya reli.

"Ukinipa ruhusa, nitawaambia," nilisema. "Dakika moja tu na jambo limekwisha."

"Litaanza, Sista, si kwisha." Alionyesha ile mistari ya milango. "Hawa wote wanajua nililazwa kwa sababu ya tumbo. Nikisema TB, usiku huohuo watamwendea mnyapara. Na nina mchumba, Wambui, ambaye babake ameshakubali nije na wazee. Unafikiri atampeleka bintiye kwa mtu wa kifua?"

"Na wakikuita mdanganyifu?"

"Mdanganyifu bado wanakula naye."

Nilimwomba msamaha kwa lile swali la kliniki, na nilisema nikiwa natazama chini. Akasema, "Wewe angalau uliniuliza mimi." Nikarudi Nakuru nikijua amechagua kunyamaza.

Ijumaa mchana alitokea kliniki, ingawa haikuwa siku yake ya sindano. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bwana Balwant anasema wamemwita na yeye kesho. Wanasema yeye ndiye ananinunulia dawa. Mzee amefundisha vijana miaka mingi, sasa wanataka kumkataza kufundisha kwenye gereji yake kwa sababu yangu." Alivuta pumzi. "Twende kesho, Sista. Usimame karibu na mlango. Nikishindwa, wewe umalizie."

Kamati ilikaa katika ukumbi wa mji. Mwenyekiti wa chama, mzee mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mezani na katibu wake. Wanyanyua vyuma wengine walijazana kwenye mabenchi. Bwana Balwant alikaa mbele, kilemba chake cha bluu kimenyooka, mikono yenye mafuta ya gari juu ya magoti.

"Kijana," Mwenyekiti alisema, "mwaka mmoja uliopita hakuna mtu alikuwa anakujua. Sasa uko na kilo sitini na saba na nyuma yako imejaa sindano. Tueleze."

Naftali alisimama. Nilidhani sauti itamkwama, lakini ilitoka safi.

"Nilikuwa na TB. Nililazwa miezi mitatu hapa Nakuru. Nilikuwa na kilo arobaini na sita. Sindano mlizoziona ni za TB, na zimebaki mbili nimalize."

Nilisikia mabenchi yakisuguliwa sakafuni. Watu walikuwa wanasogea. Waliokuwa kando yake waliacha nafasi ya watu watatu kila upande, na katibu akatoa leso akaziba mdomo.

"Bado unaambukiza?" Mwenyekiti aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya hofu.

Naftali alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Ndipo kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikafungua mdomo mbele za watu juu ya mgonjwa wangu. Nikasema mimi ndiye ninayemdunga, kwamba makohozi yake yamepimwa miezi sita mfululizo na hayana kitu, na kwamba mimi nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wote waliokuwa pale.

"Sawa, Sista," Mwenyekiti alisema polepole. "Lakini hiyo nguvu? Dawa ya TB haitoi nguvu. Imetoka wapi?"

Bwana Balwant aliinuka.

"Niulize mimi, Chairman. Miezi miwili ya kwanza huyu aliinua mti wa fagio. Fagio! Wenzake walicheka. Kila akija, anainua fagio, mgongo wima, magoti sawa, mpaka mimi mwenyewe nachoka kutazama. Nyinyi wote mlitaka chuma siku ya kwanza. Yeye alingoja."

Mwenyekiti akaifunga faili. "Apande," alisema.

Saa nane mchana alipanda jukwaani. Chuma kilikuwa na kilo mia na ishirini. Mtindo ule una hatua mbili: kwanza unakivuta mpaka mabegani, halafu unakisukuma juu ya kichwa na kusimama wima mpaka mwamuzi aseme shusha. Alipaka chaki mikononi. Alivuta, chuma kikapinda kidogo, akachuchumaa chini yake na kuinuka nacho. Hapo akatulia, akavuta pumzi ndefu, na mimi niliyeliona lile tundu dirishani nilihesabu pumzi hiyo kama mama anavyohesabu ya mtoto mchanga. Kisha akasukuma.

Mikono ilinyooka. Hakutikisika. Ukumbi uliokuwa umemkimbia asubuhi ulisimama wote, na sikusikia mtu akipiga makofi mpaka chuma kiliporudi sakafuni. Nilikuwa nalia na sikujua.

Nisiwadanganye kwamba yote yaliishia vizuri. Nairobi alikuwa wa tatu, na aliyechaguliwa kusafiri ng'ambo ni mwingine. Mnyapara alimtoa kwenye nyumba za ghala kama Naftali alivyotabiri, naye akalala stoo ya Bwana Balwant kwa miezi kadhaa katikati ya magurudumu. Babake Wambui alirudisha maneno yake. Wambui mwenyewe hakuyarudisha. Alingoja mwaka na nusu mpaka mzee akachoka, na mtoto wao wa kwanza nilimzalisha mimi.

Lakini Jumatatu ile baada ya mashindano, nilipofungua mlango wa kliniki, nilikuta watu kumi na mmoja wamejipanga kando ya ukuta. Wapakizi wa Rongai, mpishi wa shule, mama na mtoto anayekohoa, dereva kutoka Mai Mahiu aliyesikia habari njiani. "Tunataka ile dawa ya Naftali," walisema. Wawili walitaka misuli tu, nikawarudisha. Waliobaki tuliwapima, na saba walikuwa na TB. Watu hawa walikuwa wakijificha majumbani kwa woga, wakifa polepole. Wodi yetu, ambayo wauguzi wenzangu waliikataa, ilipata foleni. Metroni alikuja kuiona, akasimama mlangoni akiwahesabu watu mmoja mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Rongai, nikawa msimamizi wa kituo cha afya, na huko ndiko nilikostaafu. Nakaa hapo mpaka leo. Siku hizi vipimo vya dawa za misuli vipo, na wanaonaswa wananaswa kweli, sitetei wadanganyifu. Ila jirani yangu akimwona kwenye televisheni binti mwenye mabega mapana akiinua vyuma, husema papo hapo, "Huyo lazima kuna kitu anameza." Mimi humwuliza kama anajua binti yule alianza na nini, na amepitia wapi. Hajui. Wala mimi sijui, kwa hivyo namtazama tu akiinua.

Vijana wa kazi hii huniuliza ni muujiza gani mkubwa nimeuona wodini. Nawaambia si muujiza. Ni unga ndani ya kichupa, uji, fagio, na mtu aliyekubali kurudia jambo moja kila siku. Sote tuliokuwa karibu naye, mimi wa kwanza, tulitafuta maelezo mengine, kwa sababu lile la kweli lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani binadamu anaweza.