Mtama Uliosubiri Bajeti

Kwenye kituo cha serikali cha kilimo walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, hata mkuu wa kituo ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Kazi yake ilikuwa kutunza mbegu. Alikuwa na chumba kimoja chenye majokofu sita, na ndani yake bahasha elfu nne na ushee, kila moja na namba yake na jina la mkulima aliyeileta. Alizijua zote kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake, mpaka watukutu.

Wasioijua kazi hii hudhani mbegu ikishaingia kwenye baridi basi, imesalimika. Kumbe inazeeka humohumo, polepole. Kila baada ya miaka kadhaa lazima itolewe, ipandwe, ivunwe, na mbegu changa zirudi kwenye bahasha. Ili kujua zamu ya nani imefika, Shangazi alihesabu punje mia, akazipanga kwenye kitambaa kibichi, akakikunja na kungoja wiki. Zikichipua tisini, hewala. Zikipungua hapo, zipandwe msimu huohuo.

Jokofu la tatu lilikuwa na mtama mwekundu wa kwao. Baba yake aliuleta mwenyewe, amevaa koti la kuazima, mwaka ambao binti yake aliajiriwa. Alitia dole gumba kwenye fomu akasema serikali itautunza vizuri kuliko yeye. Mzee alipokwisha kufariki ikaja miaka miwili ya njaa, na kule nyumbani mdogo wake Shangazi, baba wa watoto sita, akachemsha mbegu zote zilizokuwa ghalani. Hakuna aliyemlaumu ila yeye mwenyewe. Tangu hapo mtama wa baba ulibaki duniani mahali pamoja tu, kwenye bahasha ya Shangazi.

"Dada, nitolee hata kiganja," alimwomba. "Nianze upya."

"Zilizobaki ni chache, na zikiwa chache hivyo haitoki hata punje mpaka tupande tuongeze. Ndiyo sheria. Tukivuna tu, nakuletea mfuko mzima. Vumilia kidogo."

Mdogo mtu akavumilia.

Mwaka huo kitambaa kilitoa machipukizi sabini na moja. Shangazi akaandika maombi: kishamba kidogo, vibarua wanne, mafuta ya pampu ya maji. Wizara ikakubali. Siku bajeti iliposomwa walijazana ofisini kwa mhasibu kusikiliza redio, na waziri alipotangaza kwamba kilimo kimepata fungu nono kuliko wakati wowote, Shangazi akawanunulia wote soda. Mvua zikaja, zikanyesha, zikaondoka. Fungu nono likabaki redioni.

Mwaka wa pili yakatoka arobaini na manne. Akaandika tena, akapigwa danadana tena.

"Fungu lipo, Shangazi," mhasibu alimwambia. "Ila halijafunguliwa."

"Litafunguliwa lini?"

"Mvua zikiisha, kama kawaida."

Wakacheka wote wawili. Wakati huo alikuwa bado anaweza kucheka.

Mwaka wa tatu yakatoka kumi na tisa, na hapo dereva wa kituo akamvuta pembeni. "Shangazi, si uchukue punje hamsini tu, ukapande nyuma ya nyumba yako? Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu, na hakumsemesha kwa siku mbili.

Niseme wazi, uaminifu huo ndio uliomponza. Wakubwa walikuwa wakienda hotelini kwenye semina za kilimo na kurudi na mikoba mipya, na yeye akashindwa kuiba punje hamsini za baba yake mwenyewe.

Mwaka wa nne pesa zikaja. Zilikuja kiangazi cha kukausha mate, siku kumi na mbili kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na zisipotumika zirudi Hazina. Mtama hauoti kwa siku kumi na mbili, wala pampu haivuti vumbi.

"Tununue kitu kinachoonekana," mkuu wa kituo alisema, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Wakaguzi wakija wakikute."

Wakanunua jokofu. Kubwa, la chuma, lenye namba nyekundu mlangoni. Mgeni kutoka wizarani alikata utepe, akapigwa picha na Shangazi, akasema mbegu za wakulima wetu sasa ziko salama.

Alipozihamisha bahasha, Shangazi alichukua punje mia za mtama wa kwao, akazifunga kwenye kitambaa. Wiki ikapita, haikuchipua hata moja. Akaongeza mia ya pili, halafu ya tatu, ambayo haimo kwenye kanuni yoyote. Mwisho akamwaga bahasha nzima kwenye maji, sheria ilale salama. Zikavimba, zikanuka, zikaoza. Alilia kwa kwikwi, amesimama, kwa sababu chumba kile hakikuwa na kiti.

Hakuwa na ubavu wa kupiga simu nyumbani. Mvua zilipokaribia mdogo wake akaja mwenyewe, na mfuko mtupu umekunjwa kwapani. Alivua kofia mbele ya jokofu jipya.

"Kumbe wanautunza namna hii," alisema. "Dada, lile shamba la baba nimelilima, sijapanda kitu. Nimelisafisha mpaka mawe."

Shangazi alikuwa amejiandaa kusema mtama utachelewa kidogo.

"Umekufa," alisema. "Wote. Nimeungojea pesa, nikangoja, umenifia mikononi."

Mdogo wake aliangalia namba nyekundu za mlangoni. Aliponena, sauti ilikuwa ya mtoto aliyekosa.

"Basi ule niliowapikia watoto ndio ulikuwa wa mwisho."

Shangazi alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamefanya tangu utoto.

"Wako watu sita wanaishi kwa sababu ya ule wako," alimwambia. "Huu wangu haukumlisha mtu."