Je, kiziwi anaweza kufanyiwa hypnosis? Dada yangu alifanyiwa hapa Voi, na mkalimani nilikuwa mimi

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa cha nyumbani kwetu na nitakieleza kilivyokuwa, hata pale ambapo mimi mwenyewe naonekana mjinga.

Nimeamua kuandika kwa sababu nilipotafuta jibu la swali hili mtandaoni, nilikuta watu wanacheka tu. "Hypnosis ya kiziwi? Si ni kama kumpigia mtu aliyezima simu?"

Uongo mbaya, na mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba anayehitaji jibu ni dada yangu.

Dada yangu anaitwa Mghoi. Homa kali ilimwachia uziwi akiwa mdogo sana. Ni fundi cherehani hapa Voi, mtaa wa Kaloleni, na mimi ni kinyozi, kibanda changu kinatazamana na chake. Siku nzima tunapiga stori kwa ishara kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya barabara, bila kumsumbua mtu.

Mghoi alisomea shule ya viziwi, kwa hivyo lugha ya ishara ya shule anaijua vizuri. Lakini mimi na yeye tuna yetu ya nyumbani, tuliyojitungia kijijini Werugha, kule milimani, tukiwa watoto. Jina langu, kwa mfano, ni kuvuta sikio. Mungu alinipa masikio bila kupima.

Sasa tuingie kwenye shida.

Siku moja Mghoi alikuwa amesimama kando ya barabara akichagua nyanya. Lori la mchanga likaanza kurudi nyuma. Watu wakapiga kelele, lakini kelele kwake ni bure. Mama wa nyanya akamvuta kwa nguvu, na ile meza aliyokuwa ameiinamia ikasagwa mbele ya macho yake.

Hakuumia hata kidogo. Tukamshukuru Mungu, tukarudi kazini.

Jioni hiyo mikono yake ikaanza kutetemeka. Haikuacha.

Naomba mnielewe hapa. Wewe mikono ikikutetemeka, unamwaga chai. Yeye mikono ikimtetemeka, hana mdomo.

Cherehani aliifunika kwa kitambaa, akaogopa sindano. Hilo liliniuma, lakini lililonikata maini ni mazungumzo. Ishara zake zilivurugika nikawa sizisomi, namwambia arudie, anarudia, mikono inazidi. Mwishowe akachoka. Huyu ni mtu ambaye angekusimulia harusi nzima, pamoja na nani alipanga foleni ya pilau mara mbili. Akabaki na "ndiyo", "hapana" na "maji". Muda mwingine wote mikono ilikuwa imefichwa ndani ya leso.

Niliogopa, wakuu. Niliogopa kwamba dada yangu ananyamaza kabisa, na mimi namwangalia.

Hospitalini walipima, wakasema mishipa iko sawa, ni hofu. Wakatuelekeza kwa mshauri mmoja hapa mjini, mama wa Kikamba, nitamwita Bi Mumbua. Alituambia kuna njia kadhaa, mojawapo ni hypnosis, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka awe kama nusu usingizini. Akaongeza waziwazi kwamba hajawahi kumfanyia kiziwi, lakini haoni kwa nini isiwezekane. Mimi nilimpenda kwa kusema ukweli.

Tulitaka kutafuta mkalimani aliyesomea. Mghoi akakataa. Hakutaka mgeni aione mikono yake ikiwa hivyo. Kazi ikaniangukia mimi.

Shangazi yetu wa Werugha alisikia, sijui kwa nani, akanipigia simu. "We kijana, usimpe mtu kufungua kichwa cha mtoto wetu kama hujui atakifunga na nini." Nikamwambia ni hospitali, sio mganga. Akasema ataomba.

Siku ikafika. Bi Mumbua akaanza alivyozoea: "Mwambie afunge macho, asikilize sauti yangu."

Nikamwangalia. Akajishtukia. "Pole," akasema, "mdomo umezoea."

Akajaribu tena. "Mwambie kwamba atalala, lakini sio usingizi kabisa. Atakuwa anajua kila kitu. Nikimgusa, ataamka."

Hiyo niliiona rahisi. Nikakaa wima kama wale wakalimani wa kwenye pembe ya televisheni, nikaweka kiganja shavuni, nikainamisha kichwa. Ishara ya kulala. Hata mtoto wa nursery anaijua. Nikamalizia na zile nyingine zote.

Mghoi akatoa macho. Akasimama. Akatoka nje bila hata mkoba wake.

Nilimkuta kwenye ngazi za jengo, analia. Mikono ilikuwa inatetemeka kupita siku zote, ikabidi nikae karibu kabisa ndio nisome. Alikuwa anauliza: "Unataka nife?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Baba yetu alipofariki, Mghoi alikuwa mdogo, hajaanza shule, na hatukuwa na ishara ya kifo. Shangazi akamwonyesha jeneza, akaweka kiganja shavuni. Baba amelala. Tangu siku hiyo, kwetu, kiganja shavuni ni kufa. Kuku akifa, kiganja shavuni. Simu ikiisha charge, kiganja shavuni. Kulala kwa kawaida tunavuta blanketi mpaka kidevuni, kwa maana baridi ya Werugha haikuruhusu kulala bila hilo.

Kwa hiyo mimi, nikijifanya mkalimani wa serikali, nilimwambia hivi mtu aliyekoswa na lori: "Huyu mama atakuua, lakini sio kabisa. Utakuwa unajua kila kitu. Akikugusa, utafufuka."

Wakuu, hata ningekuwa mimi ningeacha mkoba.

Nikamuuliza, "Lakini shuleni hiyo si ndiyo kulala? Wewe unajua."

Akanijibu taratibu, akirudia mpaka nikaipata yote: "Ya shule ni ya shule. Wewe ni wa nyumbani."

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Nikamwonyesha, hii ndiyo nilitaka kusema. Akanitazama, akanipiga ngumi ya bega, halafu akacheka. Tangu lile lori sikuwa nimemwona akicheka. Nusu ya mzigo ilinitoka pale pale kwenye ngazi.

Tukarudi ndani. Nilipomweleza Bi Mumbua, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema jambo la maana: "Hilo neno kulala tuliache kabisa. Sitaki alale. Nataka atulie akiwa macho. Muulize, mwili wake hutulia akifanya nini?"

Mghoi hakufikiri hata. Akaonyesha miguu. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na ule mtikisiko unampanda kutoka unyayoni mpaka kiunoni. Kwa huo anajua mashine iko sawa au uzi umekatika.

Basi wakapatana kabla ya kuanza. Macho hafungi mpaka atake mwenyewe, kwa maana kiziwi akifunga macho amefunga na mlango. Akiguswa bega au goti, aendelee kutulia. Akiguswa kifundo cha mkono, afungue macho. Na akitaka kusimamisha, anainua kidole tu, hakuna wa kumuuliza.

Bi Mumbua akaanza kusema polepole, na mimi nikawa nafuata kwa mikono, polepole, ishara moja ikishuka ndipo nyingine inapanda. Kaa kwenye kiti chako cha kazini. Weka miguu. Kanyaga.

Nawaambia ukweli, ile kazi ilikaribia kunibeba mimi. Bi Mumbua alinigonga kiatu. "Sio wewe!"

Miguu ya Mghoi ikaanza kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Bi Mumbua akaweka mkono kwenye goti lake akawa anagonga kwa mwendo uleule. Macho ya Mghoi yakawa mazito, yakajifunga yenyewe. Mimi nikashusha mikono, kazi yangu imeisha. Kukabaki kule kugonga gotini tu. Bi Mumbua akapunguza mwendo kidogo, miguu ikapunguza. Akapunguza tena, ikamfuata.

Mikono ilikuwa mapajani, inatetemeka. Miguu iliposimama, nayo ikasimama.

Nililia, sina haja ya kuficha. Nililia kimya kimya kwa mazoea, kama vile angenisikia.

Alipoguswa kifundo alifungua macho, akatazama vidole vyake kwa muda mrefu. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa palepale, alituona wote, ila hofu ilikuwa imekaa mbali kidogo.

Msije mkadhani ni miujiza. Siku ileile lori lilipita na mikono ikaanza upya. Tulirudi kwa Bi Mumbua mara kadhaa, na Mghoi akafundishwa kujifanyia mwenyewe: akishtuka, anakanyaga ardhi kama anashona. Kutetemeka kukapungua polepole, leo nafuu, kesho kidogo, keshokutwa zaidi.

Mpaka asubuhi moja namnyoa mteja, nikaona ng'ambo ya barabara mtu ananipungia. Mghoi. Leso iko shingoni, mikono yote miwili iko hewani.

Akaanza. Kwa nini nilikuwa namjibia wateja wake bila kumuuliza. Kwa nini nilimpa mama fulani gauni ambalo halijapigwa pindo. Kwa nini nilikuwa namalizia sentensi zake, tena namalizia vibaya. Yaani alikuwa ameweka akiba ya yote hayo, na sasa anayatoa moja moja, kila ishara safi, hakuna hata moja iliyonipita.

Mteja akaniuliza, "Anasema nini?"

"Ananigombeza."

"Sasa mbona unafurahi hivyo?"

Nilizima mashine nikasimama pale mlangoni nikagombezwa mpaka mwisho.

Nilichojifunza: kiziwi anafanyiwa hypnosis vizuri tu, kwa macho na kwa kuguswa, bora mkubaliane kabla. Na wewe unayemtafsiria ndugu yako, usijifanye wa televisheni. Mwongeleshe kama mnavyoongea nyumbani.

Kama una ndugu kiziwi, au wewe mwenyewe ni kiziwi na umepitia haya, tupia hapo chini. Wenyewe mnajua kunishinda. Nitajibu nikipunguza vichwa vilivyo kwenye foleni.

Mghoi amesoma uzi huu kabla sijauweka. Anasema nimemfanya mpole sana, na lori lilikuwa la kokoto, sio mchanga. Ana mengine mengi ya kurekebisha. Ameanza tangu asubuhi na bado anaendelea.