Gari la Mjane

Mimi si mtu wa kuibiwa kirahisi, na Lubumbashi inalijua hilo, au tuseme ile nusu ya Lubumbashi inayouza vitu. Nikinunua gunia la makala, yaani mkaa, namlazimisha muuzaji alimwage lote chini, maana vumbi hukaa kitakoni mwa gunia. Nyanya nageuza moja moja. Wanawake wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, wakiniona natokea huanza kuguna kabla sijafungua mdomo. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mwanafunzi akiniletea jibu bila njia namrudishia daftari lake. Nayasema haya mapema ili aibu yangu ipimwe vizuri.

Gari nililitaka kwa ajili ya mama. Magoti yake yalikuwa yamegoma. Kila Alhamisi tulikwenda hospitali kumnyoosha viungo, na safari yenyewe ilikuwa adhabu: yeye upandeupande juu ya pikipiki ya kukodi, mimi nyuma nimemshika kiuno, dereva akinung'unika kwamba tunamharibia springi. Siku moja alidondoka kwenye kona. Hakuvunjika. Alikaa pale mchangani, viatu vimemtoka, akacheka, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta gari.

Huku kwetu tunaendesha mkono wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayotufikia yanatoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, na usukani wake uko upande wa kulia. Mafundi wa mjini wanauhamisha. Wanakata, wanachomelea, wanafunika na zulia, na gari linatoka limekuwa la kushoto. Wengine wanajua kazi. Wengine Mungu awasamehe: mwalimu mwenzangu usukani ulimbakia mikononi akiwa kwenye njia ya Kasomeno. Kwa hiyo nilikuwa na sharti moja tu, gari lenye usukani ambao haujaguswa na mtu.

Nilimweleza hivyo komisioneri, yaani dalali, kijana mtanashati mwenye simu tatu. Baada ya siku chache akanipigia.

"Maman, nimepata. Hii haiko ya kugeuza. Inatoka ku Ulaya, volant ilizaliwaka fasi ile ile. Lakini tuende mbio. Mwenyewe alikufa, na bandugu yake banakuya lundi. Batakamata yote."

Usukani wa kuzaliwa nao, na ndugu wanaokuja Jumatatu: nakiri kwamba moyo wangu uliruka, na haukuruka kwa huruma. Nilifikiri: mwenye haraka huuza rahisi. Nikamwambia fundi wangu akae tayari, nikavaa sketi ya zamani ya kuingilia chini ya gari, nikamchukua na mama ajaribu kama magoti yake yatapita mlangoni. Fundi akasema angetukuta huko huko.

Tulipofika kwenye lupango lile, yaani kiwanja cha nyumba ya marehemu, nilipoa. Matawi ya michikichi yalikuwa yamewekwa langoni, jinsi tunavyofanya kwenye msiba. Chini ya turubai palikuwa na viti vya plastiki na watu wachache walionyamaza. Picha kubwa ya marehemu ilisimamishwa juu ya kiti, imezungushiwa kitambaa cheupe: mwanaume wa makamo, masharubu membamba, jicho moja limesinzia kidogo. Gari lilikuwa limeegeshwa ukutani, jeupe, safi. Komisioneri alivua kofia. Mama alianza kuvua viatu.

Ndani, mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, kitenge cheusi kifuani. Kwetu mjane hakai kwenye kiti mpaka msiba uondolewe. Wanawake wawili walikaa ubavuni mwake. Alitushika mikono bila kutuangalia usoni, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba shemeji zake wamekwisha kumpigia simu wakiulizia funguo.

Nilinyanyuka polepole ili nikafungue boneti. Fundi alikuwa amenitumia ujumbe kwamba yuko langoni. Mama akanikamata mkono, na mkono wa mama yangu hauna ugonjwa.

"Unaenda wapi?"

"Kuangalia motoka, mama."

"Ku kilio habaangaliake bintu ya marehemu sawa ku soko. Habaulizake bei. Muambie fundi arudie."

Nikakaa. Mimi, wa makala na nyanya, nikakaa na kumwandikia fundi arudi. Basi mama akasogea mkekani, magoti yote mawili yakilia, akachukua mikono ya yule mwanamke na kuanza kumsimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake. Niliijua kwa sababu nilikuwapo.

Baba alifia Kambove nikiwa na miaka minane. Kaburi halijakauka, ndugu zake walikuja na lori. Walichukua gari, cherehani, sufuria, mpaka pazia. Mwisho walifika kwenye godoro nililokuwa nimekalia. Baba wadogo wawili walishika ncha mbili wakavuta, nami nikang'ang'ania nikidhani ni mchezo, mpaka nikaanguka kwenye sementi.

"Balivuta matelas, mutoto iko bado juu yake," mama akasema. "Baliniambia mi niko mugeni mu nyumba yangu." Kisha akanigeukia, macho yamejaa. "Ulipe. Ulipe leo, bandugu habayakuya."

Nililipa siku hiyo hiyo, bei aliyoitaja komisioneri. Hata zulia sikuliinua.

Wiki zilizofuata mama alikuwa mtu mwingine. Alikaa kiti cha mbele kama mke wa gavana, akiwapungia mkono watu asiowajua. Alilala usingizi. Asubuhi kwenye sala aliongeza jina ambalo hakulijua, "ule mujane," na akimaliza husema peke yake, kwa furaha ya siri, akiwacheka wale mashemeji, "Ule moya habakumupata." Nami nilimtazama nikafikiri kwamba miaka yote ile sikujua alikuwa amebeba nini. Nilimpenda yule mjane kwa ajili hiyo. Nawaambia kweli, nilimpenda.

Alhamisi ya nne, tukitoka hospitali, nilikata kona kuingia mtaa wa Kenya. Usukani ulizunguka. Gari halikuzunguka. Niliuzungusha tena, ukazunguka mwepesi kama kifuniko cha sufuria, na gari likaendelea moja kwa moja kuelekea kwa wauza matofali, likapanda lundo la mchanga na kuzimika. Mama aligonga mdomo. Damu kidogo. Aliniuliza kama nimeua mtu. Nikashuka kutazama chini ya magurudumu.

Fundi aliinua zulia mbele yangu. Upande wa kulia palikuwa na tundu la usukani wa zamani, limezibwa na bati na lami. Upande wa kushoto palikuwa na chuma kimechomelewa kwa chuma kingine, na pale palipochomelewa pamekatika.

"Mwalimu, hii baliihamisha. Na tena bibaya. Ona soudure." Akatema mate pembeni. "Siku ile mulinirudisha ku mulango juu ya nini?"

Nilichemka. Nilitaka kwenda kumtoa komisioneri meno, lakini simu zake zote tatu zilikuwa zimezimwa. Mama, mdomo umevimba, akaliona jambo kwa njia yake: mjane naye alidanganywa. Marehemu aliuziwa uongo, akafa bila kujua. Ni lazima aambiwe kwa upole, tena apelekewe unga, maana huenda shemeji walikwisha kufika. Kwa hiyo tulipanda teksi watu wawili wenye nia mbili, mimi kwenda kudai, yeye kwenda kufariji na kilo tano za unga mapajani.

Matawi yalikuwa bado langoni. Mabichi. Nikajiuliza ni msiba gani huu wa mwezi mzima wenye matawi ya leo asubuhi. Ukutani palikuwa na gari jingine, la buluu.

Chini ya turubai mwanaume mmoja alikuwa anapanga viti vya plastiki. Alivipanga kwa uangalifu, akirudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka. Kisha akachukua picha iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaifuta kioo kwa mkono wa shati, akaisimamisha kwenye kiti na kuizungushia kitambaa cheupe. Aliinama kuinyoosha. Masharubu membamba juu, masharubu membamba chini. Jicho lililosinzia, na jicho lililosinzia.

Nimeona mengi mjini humu, lakini maiti akijipangia viti vya msiba wake sikuwahi kuona. Yeye alituona, akakunja uso wa huzuni kwa ustadi kabisa.

"Yambo, bamaman. Poleni. Muingie, muikale."

Jambo la kwanza lililonijia halikuwa gari. Lilikuwa mama. Macho yake hayaoni mbali, nilidhani hakuwa amemtambua. Nilifikiri: nimtoe hapa. Asijue kamwe. Nitamwambia mjane amehama, amerudi kwao, ameolewa Zambia, chochote, ili aendelee kulala usingizi wake. Nikamshika bega. Lakini alikuwa amekwisha kufika mlangoni na unga wake, na kutoka ndani ikasikika sauti ile ile iliyokauka, ikimsimulia mtu.

"...balivuta matelas, mutoto wangu iko bado juu yake. Aliangukia ku sementi. Baliniambia mi niko mugeni mu nyumba yangu."

Sijui kuandika nilichosikia mwilini. Pesa zangu walizichukua, sawa, mwizi huchukua pesa. Lakini ule ulikuwa mgongo wangu wa miaka minane ukigonga sementi ya Kambove, nao walikuwa wanauzia gari la buluu.

Mama alisimama mlangoni. Sikuona uso wake, niliona shingo tu. Mbele yake, mkekani, yule mwanamke na kichwa chake kilichonyolewa. Pembeni yake mama mmoja mnene, mgeni, analia kwa kwikwi, mkoba umefunguliwa na mkono umo ndani. Alikuwa karibu kulipa.

Mama aliweka unga chini. Aliingia, akimshika kila mtu bega ili asianguke, mpaka akafika mkekani. Hakukaa.

"Mama," akamwambia yule mgeni, kwa sauti ya kawaida tu, "funga sakoshi yako. Ule mujane wa matelas ni miye. Na mutoto mwenyewe ni huyu, ku mulango. Iko mwalimu sasa."

Mgeni akanitazama juu mpaka chini, mimi mwanamke wa miaka arobaini na mitano, na mkono wake ukatoka mkobani mtupu. Nje kiti kimoja kilianguka. Wanawake wa ubavuni walitazama sakafu. Yule mwanamke, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitutazama usoni.

Nilingoja mama amtukane. Nilingoja alaani, kwa maana laana ya mjane kwetu si mchezo. Mama alimtazama pale chini alipokuwa, akasema:

"Simama, mama. Bwana yako iko pale inje, muzima. Umuambie akuletee kiti."

Yule mwanamke akasimama.